Kasi ya Saa na Kasi ya Kazi: Namna ya Kupima Uwezo wa Kompyuta

Chukuliwe kuwa shule moja ya sekondari iliyoko Mwanga, mjini Kigoma, imechangiwa fedha na wazazi ili inunue kompyuta kumi zilizokwisha kutumika. Mwuzaji anazo za aina mbili. Ya kwanza imebandikwa karatasi yenye maandishi "gigahezi 3.0", ya pili, "gigahezi 2.4". Bei zake ni sawa. Kamati ya shule, kwa kuwa imezoea kuamini kwamba namba kubwa ni bora kuliko namba ndogo, inaelekea kuchagua ya kwanza. Je, uamuzi huo ni sahihi?

Jibu ni kwamba namba hiyo peke yake haitoshi kukata shauri, na yaweza hata kuwapotosha wanunuzi. Somo hili linaeleza namba hiyo inapima nini na haipimi nini, na linaonyesha jinsi mwalimu na wanafunzi wanavyoweza kulithibitisha jambo hilo kwa hesabu na kwa majaribio.

SAA YA KOMPYUTA NA MIPIGO YAKE

Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, yaani kipande kidogo cha silikoni kinachotekeleza maagizo ya programu. Prosesa za siku hizi zina mamilioni au mabilioni ya transista. Ili transista hizo zifanye kazi kwa umoja, hapana budi ziongozwe na mdundo mmoja, kama wapiga makasia wa mtumbwi wanavyofuata sauti ya mwenzao ili makasia yote yaingie majini kwa pamoja. Mdundo huo huongozwa na saa ya umeme yenye kipande cha fuwele kinachotetemeka kwa kipimo kisichobadilika.

Saa hii haionyeshi asubuhi wala jioni. Kazi yake ni kupiga tu. Mpigo mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja, kwa heshima ya mwanafizikia wa Ujerumani Heinrich Hertz (1857–1894). Mipigo milioni moja kwa sekunde ni megahezi moja, na mipigo bilioni moja kwa sekunde ni gigahezi moja. Kwa hiyo prosesa ya gigahezi 3 hupiga mara bilioni tatu kwa sekunde. Mpigo wake mmoja ni mfupi mno hata mwanga, ambao husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, huenda sentimita 10 tu kabla mpigo mwingine haujafika.

Hiyo ndiyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mwuzaji: idadi ya mipigo. Lakini mpigo si kazi. Mpiga makasia aweza kupiga kasia mara nyingi kwa dakika na bado akaachwa nyuma na mwenzake anayepiga mara chache, iwapo kila pigo la huyo wa pili linasukuma maji mengi zaidi.

MPIGO SI AGIZO

Prosesa ya Intel 8088, iliyotumiwa katika kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, ilikwenda kwa megahezi 4.77. Kujumlisha namba mbili zilizokwisha kuwamo ndani ya prosesa kuliichukua mipigo 3. Prosesa ya 80386 ya mwaka 1985 ilifanya hesabu ya namna hiyo kwa mipigo 2, na 80486 ya mwaka 1989 kwa mpigo 1. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi katika kuzidisha: 8088 ilihitaji mipigo 118 hadi 133 kuzidisha namba mbili za biti 16, hali 80486 ilihitaji mipigo 13 hadi 26. Basi hata kama prosesa hizo zingepewa saa ya mwendo mmoja, ile mpya ingemaliza kazi mapema.

Mfano mwingine watokana na mwaka 1977, zilipotokea kompyuta mbili za nyumbani huko Marekani. Apple II ilikuwa na prosesa ya 6502 yenye kasi ya megahezi 1.02. TRS-80 ilikuwa na prosesa ya Z80 yenye kasi ya megahezi 1.77. Kwa kutazama saa tu, ya pili ilizidi ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 70. Lakini agizo fupi kabisa la 6502 lilichukua mipigo 2, na la Z80 lilichukua mipigo 4. Kwa kugawanya, ya kwanza iliweza kutekeleza maagizo mafupi yapatayo 510,000 kwa sekunde, na ya pili yapatayo 440,000. Hata hivyo, hesabu hiyo nayo haimalizi shauri, kwa sababu agizo moja la Z80 liliweza mara nyingine kufanya kazi ambayo 6502 iliigawanya katika maagizo mawili au matatu.

Kutokana na mifano hiyo yapatikana kanuni ambayo mwanafunzi na aishike:

Muda wa kazi = idadi ya maagizo × wastani wa mipigo kwa kila agizo × muda wa mpigo mmoja.

Kasi ya saa yahusu kipengele cha tatu tu. Ili kuona nguvu ya kanuni hii, zichukuliwe tena kompyuta mbili za mwuzaji, na ikadiriwe kwamba programu fulani ina maagizo bilioni 6. Tuseme ile ya gigahezi 3.0 hutumia wastani wa mipigo 1.5 kwa kila agizo. Itahitaji mipigo bilioni 9, na bilioni 9 zikigawanywa kwa bilioni 3 ni sekunde 3. Ile ya gigahezi 2.4, kwa kuwa imeundwa iweze kutekeleza maagizo kadhaa kwa mpigo mmoja, hutumia wastani wa mipigo 0.8. Itahitaji mipigo bilioni 4.8, yaani sekunde 2. Yenye namba ndogo imemaliza kwanza.

KISA CHA PENTIUM 4

Jambo hili lilitokea kweli katika soko la dunia. Mnamo Novemba 2000 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iitwayo Pentium 4, yenye kasi ya gigahezi 1.4 na 1.5. Wahandisi wake waliigawa kazi ya kila agizo katika hatua 20, kama mafundi waliopangwa mstarini, kila mmoja akifanya sehemu ndogo na kumpa mwenziwe. Kila hatua ilipokuwa fupi, ndipo saa ilipoweza kupiga upesi. Lakini mstari mrefu una hasara yake. Programu inapofika njia panda, prosesa hubahatisha njia itakayofuatwa ili mafundi wasikae bure. Ikibahatisha vibaya, kazi yote iliyokwisha kuingia mstarini kwa njia ile hutupwa, na mstari huanza kujazwa upya. Katika programu kadhaa, Pentium 4 za kwanza zilishindwa na Pentium III ya gigahezi 1, iliyokuwa na mstari mfupi zaidi.

Mwaka 2004 mstari huo ulirefushwa ukawa wa hatua 31, na saa ikafika gigahezi 3.8. Hapo mbio zikafikia ukingoni: mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4 ulifutwa mwaka huo huo. Julai 2006 kampuni hiyo hiyo ilitoa Core 2 Duo. Mojawapo ilikuwa na saa ya gigahezi 2.4 tu na mstari wa hatua 14, lakini iliishinda Pentium 4 ya gigahezi 3.8 katika kazi za kawaida, huku ikitumia umeme mdogo zaidi: kiwango chake cha joto kilikuwa wati 65, na cha mwenzake wati 115. Kwa shule inayotegemea jenereta au umeme wa jua, tofauti hiyo si ndogo.

KUSUBIRI KUNAKOIFUNGA PROSESA

Hadi hapa imechukuliwa kwamba namba za kuhesabu ziko tayari ndani ya prosesa. Kwa kweli prosesa hutumia muda mwingi ikisubiri namba zifike.

Afikiriwe mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwanga. Dagaa walio mezani pake huwapima mara moja. Wakiisha, huchota katika gunia lililo nyuma yake. Gunia likiisha, humtuma mtu stoo. Stoo ikiwa tupu, hapana budi kwenda mwaloni Kibirizi kungoja mitumbwi. Mikono ya mchuuzi hata ingekuwa miepesi namna gani, mteja wake atangoja kwa kadiri ya umbali wa dagaa.

Kompyuta nayo imepangwa hivyo. Ndani ya prosesa mna akiba ya karibu, ambayo ni ndogo sana lakini ni nyepesi kufikika. Nje yake kuna kumbukumbu ya kazi, ambayo wauzaji huiita RAM. Mbali zaidi kuna diski. Ili tofauti zake zieleweke, mpigo mmoja wa prosesa ya gigahezi 3 na uchukuliwe kuwa ni sekunde moja. Kwa kipimo hicho, kuchota katika akiba ya karibu huchukua sekunde nne au tano. Kuchota katika kumbukumbu ya kazi, ambako kwa kweli huchukua nanosekunde 80 hivi, kungekuwa dakika nne. Kuchota katika diski inayozunguka, ambako huchukua milisekunde 10 hivi, kungekuwa sekunde milioni 30, yaani siku 347. Diski isiyozunguka, ile iitwayo SSD, ikijibu kwa sehemu moja ya kumi ya milisekunde, ingechukua siku tatu na nusu.

Mwenye kuzitazama namba hizo ataona mara moja kwa nini kompyuta yenye saa ya kasi huweza kusuasua. Ikiwa kumbukumbu ya kazi ni ndogo kuliko mahitaji ya programu, kompyuta hulazimika kwenda diskini kila mara, na mabilioni ya mipigo hupita bila kazi. Ndiyo maana mara nyingi kuongeza kumbukumbu, au kubadili diski inayozunguka kwa SSD, huifaa kompyuta kuukuu kuliko prosesa yenye gigahezi zaidi.

FUNZO LA MELI YA LIEMBA

Wakazi wa Kigoma na Ujiji wanayo hesabu nyingine ya kuwafunza jambo hili. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa bahari na reli, ikashushwa ziwani Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli. Kwa miaka mingi ilisafiri baina ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikisimama katika vijiji vya mwambao ambavyo vingi havina gati. Huko mitumbwi na mashua ziliifuata, na abiria na mizigo ikapandishwa na kushushwa ubavuni mwa meli.

Sasa na ifanywe hesabu ya mfano tu. Safari ni ya saa 40: saa 24 za mwendo na saa 16 za kusimama. Meli ikipewa injini zinazozidisha mwendo mara mbili, saa 24 zitakuwa 12, lakini saa 16 za kusimama hazitaguswa. Safari itakuwa ya saa 28, wala si 20. Hata ingepatikana injini ya ajabu inayoifikisha meli kila kituo kwa kufumba na kufumbua, safari ingebaki ya saa 16, yaani haiwezi kufupishwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Kanuni hii ilielezwa kwa ajili ya kompyuta na Gene Amdahl wa Marekani mwaka 1967, nayo huitwa sheria ya Amdahl: faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi ina kikomo, na kikomo hicho huwekwa na sehemu ambayo haikuharakishwa. Kuongeza kasi ya saa ni kubadili injini. Kusubiri kumbukumbu na diski ni kusimama vijijini.

KWA NINI SAA ILIACHA KUPANDA

Tangu mwaka 1981 hadi 2004, kasi ya saa ilipanda kutoka megahezi 4.77 hadi gigahezi 3.8, karibu mara 800. Kutoka mwaka 2004 hadi 2023, ilipotokea prosesa ya mezani iwezayo kufikia gigahezi 6.0, ilipanda mara 1.6 tu, na hata hiyo ni kasi ya muda mfupi. Sababu kubwa ni joto.

Umeme unaotumiwa na transista katika kuwaka na kuzima hufuatana na kasi ya saa ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Ili saa ipige upesi zaidi, kwa kawaida volteji nayo hupandishwa. Vikipanda pamoja kwa kiasi kimoja, matumizi ya umeme hukua kwa kipeo cha tatu: kasi mara mbili, umeme mara nane. Nahodha naye anaijua hali inayofanana na hiyo, kwa kuwa nguvu ya kuisukuma meli majini hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Umeme huo wote hugeuka joto. Prosesa nyingi za kisasa, zikipata joto la kupita kiasi, hujipunguzia kasi zenyewe. Kwa hiyo kompyuta iliyoziba feni kwa vumbi, katika chumba kisichopitisha hewa, haifikii gigahezi iliyoandikwa kwenye karatasi yake.

Badala ya saa ya kasi zaidi, watengenezaji waliweka viini viwili, vinne au zaidi ndani ya prosesa moja, kila kiini kikiwa mfanyakazi kamili. Hapa pia sheria ya Amdahl inatawala. Viini vingi hufaa pale tu kazi inapogawanyika. Sehemu isiyogawanyika humngoja mfanyakazi mmoja.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili halihitaji kompyuta wala umeme. Zinahitajika ngoma mbili (au madawati mawili ya kugonga), saa yenye mshale wa sekunde, na seti mbili za kadi 20, kila kadi ikiwa na namba kati ya 1 na 9. Kila kundi lipewe seti moja, lijumlishe kadi zote, na liandike jumla mpya baada ya kila kadi.

Kundi la kwanza liwe na mwanafunzi mmoja, na ngoma yake ipigwe mara 80 kwa dakika. Kwa kila kadi atumie mipigo mitatu: wa kuchukua, wa kujumlisha, na wa kuandika. Kundi la pili liwe na wanafunzi watatu mstarini, mmoja wa kuchukua, mmoja wa kujumlisha na mmoja wa kuandika, wote wakifanya kazi kwa kila mpigo. Ngoma yao ipigwe mara 40 tu kwa dakika. Kundi la kwanza litatumia mipigo 60, yaani sekunde 45. La pili litatumia mipigo 22, yaani sekunde 33, ingawa ngoma yake ni ya polepole.

Kisha kadi zote ziwekwe nje ya mlango, na kila kundi lifuate kadi moja moja. Wanafunzi wataona kwamba mwendo wa ngoma sasa hauna maana kubwa. Mwishowe waruhusiwe kuleta kadi tano kwa safari moja. Hapo watakuwa wamegundua wenyewe faida ya akiba ya karibu.

USHAURI KWA WANUNUZI

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya matatizo katika hesabu za Serikali zilizofanywa kwa mashine, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Mashine yoyote hupimwa kwa kazi inayokamilika, na fedha za wazazi wa Mwanga zinastahili kipimo hicho hicho.

Basi kamati ya shule iliyotajwa mwanzoni yafaa ifanye hivi. Kwanza, iulize jina kamili la prosesa na mwaka ilipotolewa. Gigahezi zaweza kulinganishwa kwa manufaa baina ya prosesa za aina na kizazi kimoja, lakini si baina ya vizazi mbalimbali. Pili, iulize kiasi cha kumbukumbu ya kazi na aina ya diski. Tatu, ichukue programu zile zile zitakazotumiwa na wanafunzi, izifungue katika kompyuta zote mbili mbele ya mwuzaji, na kupima muda kwa saa ya mkononi, mara tatu kila moja. Kompyuta inayomaliza kazi ya shule mapema ndiyo yenye kasi kwa shule ile, bila kujali karatasi inasema nini.

MASWALI

1. Kompyuta X ina gigahezi 2.0 na hutumia mipigo 2 kwa kila agizo. Kompyuta Y ina gigahezi 3.0 na hutumia mipigo 4. Ipi itamaliza kwanza programu yenye maagizo bilioni 3, na kwa tofauti ya sekunde ngapi?

2. Katika mfano wa safari ya saa 40, muda wa kusimama ukipunguzwa kwa nusu bila kugusa injini, safari itakuwa ya saa ngapi? Je, ikiwa mwendo pia utazidishwa mara mbili?

3. Kazi moja huchukua sekunde 100 kwa kiini kimoja, na sekunde 90 kati ya hizo zaweza kugawanywa sawasawa. Itachukua muda gani kwa viini 2? Kwa viini 10? Kikomo chake ni nini?

Majibu: 1. X, kwa tofauti ya sekunde 1. 2. Saa 32, saa 20. 3. Sekunde 55, sekunde 19, haiwezi kupungua hata kufikia sekunde 10.